Sura ya Sita: Nyekundu Kwenye Kona

Na ifahamike kwa wote wanaohusika, na kwa wasiohusika pia maana hao ndio wengi, kwamba asubuhi ile Sayansi yenyewe ilishuka kwenye gari, ikavaa kofia ngumu, ikaingia katika kiwanda cha sabuni ili kumtetea mnyonge na kumwumbua mwongo. Ilipiga hatua mbili. Ya tatu iliteleza, na Sayansi ikakaa kitako kwenye dimbwi la mafuta ya ng'ombe.

"Pole, Mhandisi," alisema Inspekta, bila kunyoosha mkono wa kumwinua.

"Sijaanguka," alijibu Mzee Nyufa kutoka chini. "Nakagua sakafu."

"Na unaionaje?"

"Ni chafu."

Jina la Nyufa alipewa na mafundi. Kwa miaka thelathini kazi yake ilikuwa kutafuta nyufa katika vyuma ambavyo wenzake walikwisha kuvipaka rangi na kuvisahau, na polisi wakipata chuma kilichovunjika wasichokielewa, humwita yeye. Inspekta, mwanamke wa maneno machache na macho mengi, alimpenda kwa sababu hakuwa na adabu kwa mtu yeyote aliyevaa tai.

Alijiinua kwa kushika bomba, bomba nalo likamwachia kiganja kizima cha utelezi. Kiwanda kilitengeneza sabuni, na kama kuna mahali duniani pasipojua sabuni ni kitu gani, ni hapo. Kuta zilikuwa na utando mzito ulionasa vumbi, nzi, na nywele za watu waliokwisha kuacha kazi. Kuhusu harufu, aliyewahi kulala bwenini na kufungua sanduku la mwenzake asiyefua, aliyeficha humo yai la kuchemsha tangu mwanzo wa muhula, anaijua nusu yake. Nyufa alifunga mdomo ili asiivute, akagundua kwamba puani ni kubaya zaidi, akaufungua tena.

Mbele yao lilikuwa jukwaa lililoinama kama meza iliyovunjika mguu. Juu yake palikuwa na tangi la mafuta na mashine ya kuyakoroga, na jukwaa lote lilibebwa na mikono minne ya chuma iliyochomelewa kwenye nguzo. Jana mkono mmoja ulikatika. Tangi likamporomokea mkorogaji, na hospitali ikamkata mguu chini ya goti. Polisi waliuliza ni nani aliyechomelea mikono ile, wakatajiwa fundi mmoja aitwaye Cheche, na Cheche akalala mahabusu.

Mke wa Cheche walikuwa wamemkuta getini, amekalia ndoo iliyopinduliwa, amepakata shati lililopigwa pasi.

"Inspekta, saa nane mnampeleka kwa hakimu. Atasimama na shati la kazi, ananuka hivi? Si atahukumiwa kwa harufu tu?"

"Nipe, nitampelekea."

"Na huyu mzee ni nani? Naye ni wa kufunga watu?"

"Ni wa kutazama chuma, mama."

"Basi atazame. Macho anayo?"

"Ninayo, mama," Nyufa alimjibu, "na miwani juu yake."

"Miwani hata mume wangu alikuwa nayo, ya kuchomelea. Imemsaidia nini?"

Nyufa alikuwa bado anatafuta jibu la swali hilo Meneja alipotokea, ametanguliwa na marashi. Marashi na mafuta yaliyooza vilikutana hewani, vikapigana, na hakuna kilichoshinda.

"Mzee wangu, karibu sana! Kesi yenyewe fupi. Fundi alilipua kazi, weldi imeachia, basi. Andikeni, mimi niweke sahihi, kiwanda kifunguliwe. Nina oda."

"Na mkorogaji?"

"Nani?"

"Mwenye mguu."

"Ah. Tunamwombea."

Nyufa alimtazama kama mtu anavyotazama alichokikanyaga. Kisha akatoa tochi, kioo cha kukuzia na tambara, akapiga magoti mbele ya nguzo.

"Meneja, nionyeshe weldi iliyoachia."

"Si hiyo hapo?"

"Weldi ni huu mgongo, mnene kama kiwavi. Uko palepale kwenye nguzo. Umeshika mpaka sasa, na umebaki na kipande cha mkono kwenye meno. Kilichovunjika ni bamba lenyewe, pembeni ya mshono, kuanzia hapa kwenye kona ya ndani. Inspekta, sogea. Ziba pua kwanza."

Inspekta alichuchumaa.

"Huku chuma kinang'aa na kina mikwaruzo. Hapo palikatika jana, mara moja. Sasa tazama huku konani. Peusi, laini, na kuna mistari kama pete za shina la mti. Mashine ikikoroga, mkono unatikisika, ufa unasogea kidogo, unapumzika. Kesho tena. Mafuta yamepata muda wa kuingia ndani, yakaozea humo." Alipitisha tambara juu ya weusi ule, akalinusa, akajuta. "Ufa huu una miezi."

"Kwa hiyo Cheche…"

"Cheche alishona vizuri. Nguo imechanika pembeni ya mshono. Kwa hilo humfungi fundi cherehani."

"Hakimu atataka zaidi ya hapo," alisema Inspekta. "Ataniuliza, kama si fundi, ni nani? Nikinyamaza, Cheche anarudi ndani mpaka nitakapopata jibu."

Nyufa aligeuka kumtazama Meneja. Tuseme ukweli: alitamani sana awe Meneja. Ana marashi, ana oda, anawaombea watu miguu. Kitabuni mtu wa namna hiyo hukamatwa kabla hujageuza ukurasa.

"Tangi hili ulilikuza lini?"

"Nimelikuza?"

"Jukwaa lilipigiwa hesabu ya tangi dogo. Wewe ukapata oda, ukaleta kubwa. Au ulibadilisha mota, ukaweka yenye nguvu zaidi. Sema kimoja."

"Mzee, tangi ni lilelile! Mota ni ileile!"

Nyufa hakuamini. Alipanda ngazi, akakwangua uchafu kwa bisibisi mpaka akazifikia boliti za miguu ya tangi. Palikuwa na matundu manne tu, na rangi ya kwanza ilikuwa bado imezizunguka boliti bila kupasuka. Akaikwangua mota. Kibati cha kiwandani kilikuwa mahali pake, ribiti zinazokishika hazijaguswa. Akazungusha tochi akitafuta tundu la zamani, alama ya msumeno, chochote. Alichopata ni panya, aliyekufa zamani, amegandia ndani ya mafuta kama mdudu katika kipande cha barafu.

Alishuka amekunja uso mpaka miwani ikapanda.

"Ni vilevile," alisema.

Meneja alitabasamu kwa meno yote, likiwemo la dhahabu.

"Usicheke. Uchafu wako umeuficha ufa miezi yote hiyo. Mtu angefuta hapo mara moja tu kwa tambara kama hili, angeuona. Inspekta, liandike hilo, na panya umwandike." Akajifuta mikono, na tambara likamrudishia alichofuta. "Hesabu ya jukwaa alifanya nani?"

"Wahandisi washauri, mjini, ghorofa ya nne. Kijana mmoja mwembamba. Akitaka kufikiri anang'ata ncha ya tai."

Mkono wa Nyufa ulisimama na tambara lake.

"Unamjua?" aliuliza Inspekta.

"Ni mpwa wangu. Mtoto wa dada yangu mkubwa. Nimembeba mgongoni, na akanikojolea."

"Nitafute mtaalamu mwingine?"

"Utampata kabla ya saa nane?"

Inspekta alitoa funguo za gari.

"Basi twende. Nitamkamua mpaka tai iwe kamba ya kuanikia."

Waliendesha na vioo vyote vya gari vimeshushwa. Inspekta alivumilia mpaka kwenye taa za barabarani.

"Hizo hesabu za kompyuta wanazofanya washauri, za rangirangi. Unazijua kweli, au tunakwenda kukodoa macho?"

"Nazijua."

"Chuoni walikufundisha?"

"Chuoni nilifundishwa penseli. Hizi nimejifundisha mwenyewe, uzeeni, kwenye meza ya kupigia pasi."

Akamsimulia. Vijana walionyesha picha ya rangi mkutanoni, yeye akauliza maana yake, wakachekea mikononi. Siku hiyohiyo alinunua kitabu kinene kama tofali. Humo alijifunza kwamba ukitaka kujua chuma kinaumia wapi, unakikata ndani ya kompyuta vipande vidogovidogo, maelfu, vilivyoshikana kama wavu. Kila kipande kinamwambia jirani yake kinavyovutwa, kama umbea unavyopita nyumba kwa nyumba, mpaka kompyuta ijue hali ya mtaa mzima. Panapotulia hupakwa bluu, panapoumia hupakwa nyekundu. Kitu cha kwanza alichokipigia hesabu kilikuwa rafu ya jikoni. Alisahau kuiambia kompyuta kwamba rafu imefungwa ukutani, akabonyeza, na rafu ikaruka nje ya kioo. Mpaka leo haijarudi. Cha pili kilikuwa kigoda cha mkewe. Alichanganya mita na milimita, kigoda kikawa na uzito wa meli.

"Mke wako alisemaje?"

"Alisema, 'Mtu mzima na mvi zako, unaangalia katuni?'"

"Na sasa unazijua zote?"

"Inspekta, taa imewaka kijani."

Ofisi ya ghorofa ya nne ilikuwa na zulia la rangi ya maziwa. Nyufa alipita katikati yake na viatu vyake, na kila alipokanyaga paliandikwa. Mpwa alisimama haraka nyuma ya meza, tai tayari iko mdomoni.

"Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba. Leo sikuja kama mjomba. Huyu ni Inspekta. Jukwaa lako la kiwanda cha sabuni limeanguka."

"Nimesikia. Mjomba, samahani… unanuka."

"Ni wewe unayenuka. Mimi nimekubebea tu."

Wakakaa, Nyufa na Inspekta upande mmoja wa meza, mpwa upande wa pili. Ukutani palitundikwa picha ya jukwaa lilelile kwenye fremu, bluu tupu, safi, tamu kama keki ya siku ya kuzaliwa. Nyufa aliinyooshea kidole kilichojaa mafuta.

"Umeitundika."

"Wateja wanaipenda, Mjomba."

"Mkorogaji ameiona? Au mumpelekee wodini? Fungua kompyuta. Nataka hesabu yenyewe, sitaki picha ya harusi."

Mpwa alifungua. Jukwaa likatokea kwenye kioo, limekatwakatwa kuwa wavu. Nyufa alilizungusha taratibu, akaegemea, akanusa kwa mazoea tu.

"Hapa nyuma kwenye reli ya kushikia, ambapo hata paka hawezi kuumia, umeweka vipande vingapi?"

"Vingi."

"Vidogo kama mchele. Na hapa kwenye kona ya mkono, panapobeba mzigo wote?"

Mpwa aliirudisha tai mdomoni.

"Hesabu mwenyewe. Viko vinne. Vipana kama vigae vya bafu. Kwa nini?"

"Kompyuta ilikuwa polepole, Mjomba. Nikapunguza."

"Ukapunguza penye kazi, ukaacha penye mapambo?"

"Ilikuwa… ndivyo ilivyotokea."

"Mtu akipunguza chumvi kwenye mboga na kuiacha kwenye chai, utasema ndivyo ilivyotokea?" Nyufa alimgeukia Inspekta. "Kipande kikiwa kipana, kinachukua maumivu ya kona na utulivu wa jirani, kinavichanganya, kinatoa wastani. Kwa wastani, mtu aliyeungua kichwa na kuganda miguu ni mzima wa afya." Akaurudia uso wa mpwa. "Vikate. Nusu kwa nusu."

Mpwa alibonyeza. Kompyuta ilifikiri. Kwenye kona ya ndani, palepale ulipoanzia ufa, pakatokea nukta ya manjano.

"Tena."

Ikawa ya chungwa.

"Tena."

Ikawa nyekundu, na namba pembeni ikapanda. Alipokata tena ikapanda tena.

"Inaishia wapi?" aliuliza Inspekta.

"Haiishii. Kona kali isiyo na mviringo hata kidogo, ndani ya kompyuta, namba yake inapanda kila ukikata. Ukikata mpaka kesho, itapanda mpaka kesho. Kwa hiyo namba yenyewe ni ya uongo."

"Sasa kama ni ya uongo, kosa lake liko wapi?"

"Namba ni ya uongo. Mahali ni pa kweli. Hapo ndipo chuma kinapoombwa zaidi, na kikitikiswa kila siku, hapo ndipo ufa unapozaliwa. Anayejua kazi akiiona nyekundu hii anaizungusha kona, au anaongeza bamba, kisha anapiga hesabu ya mtikisiko." Aliinama juu ya meza. "Wewe uliiona. Usiniambie hukuiona. Mtu hapanui vipande vinne tu katika elfu kwa bahati mbaya. Uliviweka vidogo, ukaona nyekundu, ukavipanua mpaka ikaondoka. Kweli si kweli?"

Tai ilitoka mdomoni, imelowa.

"Niliiona," alisema mpwa. "Niliogopa, Mjomba. Sikulala. Nikauliza."

"Ukamwuliza nani?"

"Mtu… mtaalamu."

"Akasema?"

"Akasema kona kali hutoa nyekundu siku zote. Akasema ni uongo wa hesabu, hata vitabuni imeandikwa, niipuuze. Nisijitie aibu kwa mteja."

Nyufa alipiga meza kwa kiganja. Alama ya mafuta ikabaki.

"Inspekta, umesikia? Huyo ndiye mtu wako! Huyu mtoto angalau aliogopa. Huyo mwingine amesoma kurasa mbili, akakosa ya tatu, akatoka nje kutangaza. Hakuuliza chuma cha nini. Hakuuliza kama kinatikisika. Hakuomba hata kuiona picha! Mimi watu wa namna hiyo wananitapisha kuliko yule panya. Panya kaharibu mafuta tu."

"Mjomba, tuache tu," mpwa alisema kwa sauti ndogo. "Nimekosa mimi. Niandikeni mimi."

"Hatuachi! Uliongea naye ofisini kwake?"

"Kwenye simu. Jumapili. Alikuwa anakula. Nilimsikia anatafuna."

Nyufa alifungua mdomo ili aseme jambo jingine kuhusu watu wanaotoa ushauri huku wanatafuna. Mdomo ulibaki wazi. Mpwa alikuwa anaitazama ile alama ya mafuta mezani kama mtu anayesoma gazeti. Taratibu sana, Nyufa aliufunga mdomo, akavua miwani, akaanza kuifuta kwa tambara lile la kiwandani, akaipaka uchafu pande zote mbili, akaivaa hivyohivyo.

"Jina lake?" aliuliza Inspekta.

"Nimelisahau," alisema mpwa.

"Namba yake?"

"Nilibadilisha simu."

"Ni mtu mdogo tu huyo," alisema Nyufa. Sauti yake ilikuwa imepungua ukubwa. "Hatuna haja naye, Inspekta. Saa zinakwenda. Tuandike kwamba kona haikuzungushwa, fundi hana kosa, tuondoke."

Inspekta alimtazama Nyufa. Kisha akamtazama mpwa. Hakuwa na haraka hata kidogo. Akanyoosha mkono juu ya meza, kiganja juu.

"Kijana, simu yako."

"Inspekta, mimi…"

"Fungua, unipe."

Alipewa. Akauliza Jumapili ya lini, akaambiwa wiki moja kabla kona haijakatwa kiwandani, mwaka jana. Akashusha kidole, akashusha, akasimama.

"Hii hapa, saa saba mchana. Hata hukubadilisha simu." Akabonyeza, akaweka spika, akailaza simu katikati ya meza.

Ililia mara moja. Halafu jogoo akawika ofisini.

Aliwika kwa nguvu, kwa mbawa zote, kutoka kwenye mfuko wa suruali ya Mzee Nyufa. Nyufa aliubana mfuko kwa mikono miwili. Jogoo aliwika akiwa amebanwa.

"Pokea," alisema Inspekta.

"Si lazima…"

"Mhandisi. Pokea."

Aliitoa simu, akaipokea, akaiweka sikioni kama mtu anayengoja kupimwa.

"Halo," alisema, na mezani simu ya mpwa ikasema halo.

"Ulimwambia aipuuze?" aliuliza Inspekta, akizungumza na simu.

Lilikuwepo jibu la werevu. Angeweza kusema aliulizwa juujuu, kwamba hakuambiwa ni jukwaa, kwamba kijana alieleza vibaya, na mpwa angeitikia kila neno. Tayari alikuwa anatingisha kichwa kukubali jambo ambalo halijasemwa. Ghorofa nne chini, ndani ya gari la polisi, shati lililopigwa pasi lilikuwa kwenye kiti cha nyuma likiingia harufu.

Nyufa alikata simu. Akasimama, akaizunguka meza, akachapa nyayo nyingine nne kwenye zulia, akavuta kiti, akakaa upande wa pili, bega kwa bega na mpwa wake.

"Andika," alisema. "Fundi Cheche hana kosa, mshono wake ni mzima, mfungulie kabla ya saa nane. Hesabu ilipanuliwa kwenye kona ili nyekundu iondoke. Aliyepanua ni huyu. Aliyemwambia haina maana ni mimi."

"Mjomba…"

"Nyamaza, utaing'ata tai mpaka uimeze." Alijaribu kuitazama ile picha ya bluu ukutani kupitia miwani michafu, akashindwa, akatazama mikono yake. Alikuwa na sura ya mtu aliyenusa kitu kibaya, akatafuta chumba kizima kinatoka wapi, kisha akakikuta kwenye kiatu chake.

Inspekta alifungua kalamu.

"Ulijua wakati ule kwamba mahali pa nyekundu ni pa kweli?"

"Hapana. Nilijua nusu. Ile nusu nyingine niliisoma baadaye, na sikumpigia."

"Kwa nini ulimjibu, ikiwa ulijua nusu tu?"

Mzee Nyufa alivua miwani michafu, akaiweka mezani.

"Kwa sababu ile nusu ya kwanza nilikuwa nimeisoma wiki ileile," alisema. "Nilikuwa natafuta mtu wa kumwambia."